Masihi aliyeona njaa

Malindi,
Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu. Huku hatujambo. Masika yameujaza Mto Sabaki, na bahari imekuwa nyekundu ya udongo hadi mbali. Wavuvi wengi hawatoki, na samaki wamepanda bei. Watoto wazima, wanakuulizia. Mzee anaendeleaje? Nimefurahi kusikia kwamba ameanza kuufinya mkono wako kwa ule upande ambao kiharusi hakikuugusa.

Lakini somo, sehemu ya mwisho ya ujumbe wako imeninyima usingizi. Umesema kikundi chenu cha maombi hapo Voi kimekuwekea mfungo wa kutokula wala kunywa, kwamba mwili ukidhoofika ndipo roho inapopata nguvu ya kumwombea mzee. Ukaongeza: Yesu alikuwa Mungu, mwili kwake ulikuwa vazi tu, nawe unataka kulizoea hilo, la kulivaa lako bila kulijali. Sikukujibu kwa simu kwa sababu nilijua nitalia. Kwa hiyo naandika, nawe unisome hadi mwisho hata ukinikasirikia.

Wewe wajua mimi naishi wapi. Aprili 2023, walipoanza kufukua makaburi kule msitu wa Shakahola, maiti zililetwa mjini kwetu. Chumba cha maiti kilijaa, yakaletwa makontena yenye barafu. Waliofukuliwa wamepita 400, wakiwemo watoto wengi. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa njaa, na wengine walikuwa na dalili za kunyongwa na kupigwa. Watu wale waliambiwa wafunge wakutane na Yesu. Karibu mwaka mzima ulipita kabla familia za kwanza kukabidhiwa wapendwa wao wakazike, kwa kuwa ilibidi majina yatafutwe kwa vipimo vya vinasaba. Nimewaona akina mama wamekaa chini nje ya ukuta, wakisubiri. Sisemi kikundi chako ni kama wale. Ninasema neno hilo la mwili kuwa vazi la kutupwa nimelisikia, na nimeona lilipofika.

Tena si neno la imani yetu. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kabla ya yote.

Tangu mwanzo kulikuwa na watu waliompenda Yesu kwa namna hiyo: walimwona mtakatifu mno hata wakaona aibu kusema kwamba alikuwa na nyama na damu. Wakasema alionekana tu kuwa mtu, alionekana tu kuteseka. Ignatio, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2 alikuwa anapelekwa Roma akatupwe kwa wanyama, na njiani, katikati ya askari, aliwaandikia Wakristo wa Smirna juu ya jambo hilo hilo. Aliwauliza: kama Bwana aliteseka kwa kuonekana tu, basi na mimi minyororo hii nimefungwa ya nini? Akawakumbusha kwamba hata baada ya kufufuka alikula na kunywa na wanafunzi wake. Halafu akasema jambo ambalo kila nikilikumbuka nakuwaza wewe: kwamba wale wanaoukana mwili wa Bwana hawamjali mjane, wala yatima, wala mwenye njaa na mwenye kiu. Unaona alivyoyaunganisha? Anayeudharau mwili wa Masihi, mwisho wake huudharau mwili wa jirani yake. Na wake mwenyewe pia, naongeza mimi.

Wakaja wengine wenye elimu zaidi. Apolinari wa Laodikia, katika karne ya 4, alikubali kwamba Kristo alikuwa na mwili kweli, ila akasema hakuwa na akili ya kibinadamu. Mahali pa akili palikaa Neno la Mungu. Hapo ndipo mtu husema kama ulivyosema wewe: alikuwa Mungu ndani, nje ni umbo tu. Gregori wa Nazianzo alimjibu kwa maneno machache: kile ambacho hakukitwaa, hakukiponya. Kaa na maneno hayo, somo. Kama hakutwaa akili yetu, hofu zetu za usiku hazijaponywa. Kama hakutwaa mwili wetu kweli, basi baba yako aliyelala hapo upande mmoja umekufa ganzi hana Mwokozi kwa upande huo. Mtaguso wa Konstantinopoli, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 381 uliyakataa mafundisho ya Apolinari, na ule wa Kalkedoni wa mwaka 451 ukasema waziwazi: Mungu kweli na mtu kweli, mwenye roho yenye akili na mwili, wa asili moja nasi katika yote isipokuwa dhambi, asili mbili zisizochanganywa wala kutenganishwa. Hakuna iliyomezwa na nyenzake.

Najua utaniambia, haya ni mambo ya maaskofu wa zamani. Lakini mtu alikatwa ulimi kwa ajili yake. Maksimo, mtawa mzee wa karibu miaka 80, alikataa kusema kwamba Kristo hakuwa na nia ya kibinadamu. Mwaka 662 walimkata ulimi na mkono wa kulia, wakampeleka uhamishoni, akafia huko. Alikuwa anautetea usiku wa Gethsemane. Bwana alipoomba kikombe kimwepuke, yalikuwa maombi ya mtu kweli aliyeogopa kufa, kisha akayaweka mapenzi yake chini ya ya Baba. Ukiiondoa ile nia ya kibinadamu, usiku ule unakuwa mchezo wa kuigiza, na jasho lile linakuwa maji ya bure. Karibu miaka 20 baadaye, mtaguso wa mwaka 680 hadi 681 ulikubali alichokisema, naye hakuwepo kuona.

Umeniandikia pia kwamba uchungu wake ulikuwa mwepesi kwa sababu alijua atafufuka. Nimelifikiria sana hili, kwa sababu nililisikia pia kwenye matanga ya mama, mtu akituambia tusilie. Nenda Bethania ukatazame. Lazaro amekufa, Yesu anajua kabisa atakalolifanya, amekwisha kuwaambia wanafunzi. Kaburi liko mbele yake, bado kitambo kidogo tu Lazaro atoke. Na bado, alipomwona Mariamu, dada yake Lazaro, analia, akalia machozi. Kujua mwisho hakukumkausha macho. Yeye hakuwahi kumwambia mtu kwamba machozi ni upungufu wa imani.

Na soma tena Injili, usome ukitafuta mwili wake. Amechoka, ameketi kisimani Sikari saa sita ya mchana akiomba maji kwa mwanamke asiyemjua. Amelala katika shetri ya chombo, kichwa juu ya mto, na tufani haimwamshi. Mtu asiyechoka halali hivyo, waulize mabaharia wa hapa. Amekua katika hekima na kimo, maana yake kulikuwa na siku asiyoijua kusoma na kimo ambacho hajakifikia. Amesema yeye mwenyewe kwamba siku ile na saa ile haijui. Na jangwani alifunga siku 40, kweli, sikatai kufunga wala sijaacha; lakini imeandikwa kwamba mwishoe akaona njaa, na njaa hiyo haikuitwa dhambi. Mjaribu alipomtaka ageuze mawe kuwa mikate, alimtaka atoroke ubinadamu, atumie uwezo wa Mwana wa Mungu asiwe na njaa kama sisi. Alikataa. Akabaki nasi. Malaika ndio waliokuja kumtumikia.

Kisha msalabani. Somo, alisema, "Naona kiu." Aliyeumba Sabaki na bahari aliomba kinywaji, na hakuona haya kukiomba mbele ya adui zake. Wewe umekaa siku hizi zote bila tone la maji ukidhani unamkaribia. Yeye yuko upande wa pili, somo. Yuko upande wa mwenye kiu anayesema nipeni maji.

Nina jirani, bibi mmoja Mwislamu, tunaketi naye barazani jioni. Nilipomsimulia habari zako bila kukutaja jina, alinyamaza, kisha akaniambia: "Sisi Kurani inasema Isa na mamake walikuwa wakila chakula." Kwake yeye hiyo ni hoja kwamba Isa ni mtume na si Mungu, na tumeshabishana juu ya hilo miaka na miaka kwa heshima, wala hatutaacha. Lakini safari hii sikubishana naye. Nilimwambia, ndiyo, alikula, na hiyo ndiyo furaha yetu. Tunakiri kwamba aliyekula mkate na samaki ndiye Mungu pamoja nasi. Tukisema hakula, tumepoteza vyote. Akasema: "Basi mwambie huyo mwenzio hata sisi magharibi ikiingia tunafungua, na mgonjwa ameruhusiwa asifunge." Nimekupelekea maneno yake kama alivyoyasema.

Labda unajua lile kanisa dogo la Wareno hapa kwetu, lenye makaburi, karibu na bahari. Francis Xavier, yule mmisionari, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Katika barua aliyoandika kutoka Goa alieleza kwamba walimzika hapa mtu wao aliyefia chomboni, na kwamba Waislamu wa mji walivutiwa kuona jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao. Mengi waliyoyaleta Wareno hapa siyapendi, na mizinga ni mojawapo. Lakini hilo la maziko ni letu kweli. Tunaosha maiti, tunaivika, tunaisindikiza kwa nyimbo, kwa sababu tunakiri ufufuo wa mwili. Ndiyo maana yale makaburi ya Shakahola, ya juu juu, watu wengi ndani ya shimo moja, yaliniumiza hata katika imani yangu. Palikuwa na kukana ndani yake. Mtu aliyeuamini ule mwili wa Bwana, wenye makovu, uliokula samaki mbele ya wanafunzi jioni ya Pasaka, hangeweza kuufukia mwili wa mtoto namna ile.

Turudi kwako, maana nimeandika mengi nawe una mgonjwa. Binti Yairo alipofufuliwa, nyumba nzima imeshikwa na bumbuazi, Yesu aliagiza mtoto apewe chakula. Wengine wote walisahau, yeye alikumbuka kwamba msichana wa miaka 12 aliyekuwa mgonjwa atakuwa na njaa. Na asubuhi ile pale ufuoni, amekwisha kuishinda mauti, alikuwa amewasha moto wa makaa, samaki juu yake na mkate, akawaita wale wavuvi waliokesha bure: "Njoni mfungue kinywa." Huyo ndiye anayekuita. Hakuna mahali katika Injili alipomwita mtu anayeuguza mzazi aje afe njaa.

Kwa hiyo ule leo. Anza na maji kidogo kidogo, kisha uji mwepesi, usijipakie chakula kizito kwa mara moja baada ya siku zote hizo. Uende zahanati wakupime, usiogope kuwaambia ulikuwa umefunga. Wenzako wa maombi wakikuuliza, waambie mimi ndiye niliyekukataza, waje wazungumze nami, sitawakosea adabu. Na kama wanataka kumsaidia mzee, wapange zamu. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza inafaa ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi asipate vidonda vya mgongo, na hiyo ni kazi ya mikono mingi, usiku na mchana. Akipewa maji aketishwe wima kwanza, kwa kijiko, polepole, asipaliwe. Wakifanya hayo kwa jina la Masihi watakuwa wamemgusa Masihi mwenyewe. Alisema hivyo, alikuwa na njaa wakampa chakula, alikuwa mgonjwa wakaja kumtazama.

Nimempa utingo wa basi la Mombasa furushi lako, ataliunganisha na gari la Voi kesho kutwa. Kuna ng'onda wa kutosha, nazi, na unga. Mimi nitakuja Ijumaa, nikae hadi mzee apate nafuu kidogo nawe ulale usingizi wa kweli. Msalimie, umwambie katika sikio lile linalosikia vizuri kwamba binti yake yule wa Malindi anakuja.

Usiku wa leo nipigie simu kabla hujalala, uniambie umekula nini.

Ni mimi, somo yako