Rota ya Hospitali Itoke Mapema, Wikendi Tutajipangia

Mhariri,

Mimi ni nesi hapa Nakuru na nimechoka kuambiwa eti sisi watu wa hospitali tujifunze kupanga muda wetu, tutoke na familia wikendi tupumzishe akili. Sawa, tumesikia. Sasa utapanga nini kama rota, ile ratiba ya zamu, inabandikwa Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi ushawekwa wodini?

Watu hudhani shida yetu ni zamu ya usiku. Usiku tumezoea, unatoka asubuhi ukishamkabidhi mwenzako wagonjwa, ukifika nyumbani watoto washaenda shule, unazima simu unalala, hata mtoto mdogo anajua wiki hii mama ni wa usiku. Kinachotumaliza ni kutojua. Bwana yangu ni mwalimu, muhula ukianza tu yeye ashajua wanafunga lini, mimi hata Jumapili hii sijui.

Juzi tulitaka kupeleka watoto Ziwa Bogoria. Si mbali, unapitia Mogotio watoto washuke hapo kwa ikweta wapigwe picha, halafu mkifika mnachemsha mayai kwa yale maji yanayotoka ardhini yakitokota. Mayai tulikuwa tushanunua, shemeji ashakubali kutupa gari, simu ikaita, njoo ushike zamu, mwenzako amefiwa. Simlaumu, msiba haupigi hodi. Lakini mbona hakuna mtu aliyewekwa standbai? Mayai tulikaanga tukala na ugali, na kifunga mimba wangu hakuniongelesha hadi jioni.

Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Kwa karatasi tunapata. Ila ofu yenyewe ni Jumanne, watoto wako shule, baba yao yuko kazini, mimi nafua nguo.

Najua tutaambiwa wauguzi ni wachache, na ni kweli, waajiriwe. Na ajali mbaya ikitokea Salgaa hakuna nesi atauliza leo ni ofu ya nani, tunakimbia sote. Lakini kutoa rota wiki mbili mapema kunahitaji pesa gani? Mtu ajue tarehe zake, wa standbai aandikwe jina, na kila mmoja apate wikendi moja nzima kwa mwezi. Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo hii msitutume Nairobi.

Na hiyo wikendi wapewe hata wasio na watoto, maana hapo ndipo huwa tunakosana sisi kwa sisi. Hao wasichana ambao hawajaolewa ndio husukumiwa zamu kila Krismasi eti hawana familia, kama mama zao kule Kakamega si familia.

Nesi,
Nakuru