Shosti, hiyo karatasi ya sheria usiibandike kwanza

Shosti wangu mambo,

Za huko Isevya, Tabora, watoto hawajambo? Huku Ujiji tupo tu, joto ndo hilo hilo, umeme unakuja unaondoka, na ile mashine yangu ya ovaloki ya kufunga kingo za nguo imegoma tena, fundi kaja kutoka Mwanga hapa hapa Kigoma kaikagua weee mwisho anasema spea mpaka Dar. Asali nimeipata mwaya, asante sana, imefika salama na wanangu wameshaianza bila ruhusa.

Sasa twende kwenye hilo lako. Ile picha ya sheria za hiyo jimu unayofungua uliyonitumia niipitie kabla hujaenda kulaminisha nimeisoma, nikaisoma tena huku nakata gauni la mtu nusura nikate na mkono. Shosti, karibu karatasi nzima inaanza na "mwanamke hatakiwi". Taiti bila kitu cha kufunika makalio marufuku, sidiria ya mazoezi peke yake marufuku, tumbo wazi marufuku, nguo ya kushika mwili marufuku, afu kwa mwanaume nimetafuta mpaka chini kabisa nikakuta moja, asiingie na ndala. Yani ndala tu! Basi akija na singlendi imekatwa kwapa mpaka kiunoni, au kifua wazi kabisa jasho linatiririka kwenye benchi ambalo mwenzie atalalia sasa hivi, huyo hana kosa ili mradi ana raba.

Najua kwanini umeandika hivo, sikulaumu. Umepanga mtaa wa watu wazima, msikiti uko karibu, mama mwenye nyumba macho yote kwako, na unaogopa wiki ya kwanza tu watu waanze kusema pale sio jimu pale ni danguro. Biashara ya mwanamke inasemwa haraka, hilo halihitaji mjadala. Ila we mwenyewe uliniambia wateja unaowataka ni wamama, wale walioambiwa hospitali wana presha, wana sukari, wapunguze mwili. Sasa huyo mama mpaka kufika mlangoni kwako kashapigana vita vitatu, na mumewe, na majirani na kioo cha nyumbani kwake, halafu anafika anakuta ukuta unamsema yeye. Anageuka.

Ngoja nikwambie ninayoyaona kwenye cherehani maana mi watu wakija kupimwa wanasema vitu ambavyo hawawaambii hata ndugu zao. Nina mteja mwalimu wa shule ya msingi, anataka kukimbia asubuhi, taiti anayo, raba anazo, kilichomkwamisha ni kwamba akikutana na mzazi wa mwanafunzi barabarani atasemwa kwenye kikao. Kwahiyo anakimbia saa kumi na moja alfajiri kiza bado, sasa wewe niambie kipi cha hatari, taiti au kukimbia gizani peke yako? Mwingine mnene kiasi, mtu wa masihara sana, alikuja na taiti ya mtumba anataka niipanue ubavuni kwasababu madukani zinaletwa za wasichana wembamba tu, kama vile mwenye mwili hafanyi mazoezi, na wakati yeye ndo kaambiwa na daktari. Nikampanulia. Akaivaa jimu siku moja, vijana wakacheka pembeni, na mwanamke mwenzie ndo akamfata kumwambia dada jistiri. Siku nyingine akaenda na dera, wakamcheka tena eti kaja kuosha vyombo. Hapo ndo nikaona hii kesi haina nguo ya kushinda. Akijifunika mshamba, asipojifunika malaya, na akivaa vya katikati wanauliza huyo anamvalia nani.

Afu usidhani wanaume wako salama, hao nao wana yao ila wanaumia kimyakimya. Kuna vijana wa bodaboda wananiletea pensi nishonee ndani kipande cha kubana, maana mapaja yanachubuka wakikimbia, na wanaleta jioni wateja wameshaondoka na wananiomba nisiseme. Taiti yenyewe hawawezi kuivaa bila bukta juu, wataitwa majina ambayo sitaki kuyaandika hapa. Wengine utawaona na joto lote hili wako na traksuti nene, mwanzo nilidhani ni staili kumbe mtu anaficha miguu, kifua kimejaa chini njiti, na skwati, ile ya kuchuchumaa na kuinuka, hapigi kwasababu kupiga skwati ni kukiri kwamba miguu ipo. Wenye matiti makubwa nao wanavaa sweta. Tofauti ni kwamba mwanaume anachekwa kwa mwili wake, mwanamke anahukumiwa kwa tabia yake, na hii ya pili inamfata mpaka kwa wakwe.

Sasa kuhusu taiti yenyewe, sikia fundi anaongea. Kile kitambaa kinavutika kwasababu kina uzi wa spandeksi, ule uliogunduliwa Marekani mwaka 1958 kwenye kampuni ya DuPont, na kazi yake kinarudi kilipotoka. Pamba tupu ukitoka jasho inanyonya inakuwa nzito, inakugandia na kukusugua, mapaja yanayogusana yatakueleza. Nguo pana ndo mbaya zaidi karibu na mashine, mtandio au kona ya dera ikiingia kwenye baiskeli ya mazoezi au ule mkanda wa kukimbilia unaweza kuangushwa vibaya. Na yule kocha uliyemwajiri, kama anajua kazi yake, anahitaji aone magoti ya mtu anapochuchumaa na chuma, kama yanaingia ndani amrekebishe, chini ya dera ataona nini huyo? Tatizo la kweli la taiti ni zile za bei rahisi, kitambaa chepesi, ukisimama nyeusi ukiinama kila kitu nje. Mwambie mteja aishike kwenye mwanga aivute kwa mikono miwili kabla hajanunua. Na aangalie kati ya miguu, iliyoshonwa vizuri ina kipande chake pale katikati, haijakutanishwa mishono minne sehemu moja, hiyo minne ndo inayochanika mtu anapiga skwati na ndo inayochora umbo lote mbele za watu. Mambo haya ni ya fundi kushona vizuri wala sio ya maadili.

Hata hiyo sidiria ya mazoezi uliyoipiga marufuku, unajua imetoka wapi? Ilitengenezwa mwaka 1977 huko Vermont, Marekani. Lisa Lindahl alikuwa anapenda kukimbia lakini kifua kinamuuma, akashirikiana na rafiki yake Polly Smith ambaye alikuwa fundi wa nguo za maigizo na mwenzao Hinda Miller. Wakahangaika na vitambaa wee, mwisho wakachukua zile nguo za ndani za wanamichezo wa kiume, za kubania nyeti, wakazikata wakaunganisha mbili ikawa sidiria. Nilicheka mpaka nikakaa chini, yani nguo inayowatoa watu macho kwenye jimu zetu mama yake ni kufuli la mwanaume! Na ilishonwa ili mtu asiumie, hamna aliyekuwa anamtega mtu.

Wala usidhani ni sisi tu wa bara tunaobabaika. Mwaka 2021 timu ya wanawake ya Norwe ya mpira wa mikono wa ufukweni walicheza mashindano ya Ulaya huko Bulgaria wakavaa bukta badala ya chupi za bikini, wakapigwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa nguo ndefu kuliko sheria, wakati wanaume wa mchezo huo huo wanavaa bukta tangu zamani. Watu wakapiga kelele mpaka sheria ikabadilishwa mwishoni mwa mwaka. Na mwezi wa saba mwaka huo huo Olivia Breen, mwanariadha wa Paralimpiki wa Uingereza, kamaliza kuruka zake, anaambiwa na ofisa bukta yako fupi mno. Huyu kafunika sana, huyu kaacha wazi sana. Olimpiki ya Paris 2024 nayo, Ufaransa ikawakatalia wachezaji wake wenyewe kuvaa hijabu, wakati wageni kutoka nchi nyingine wanaruhusiwa. Ukiwauliza kila mmoja atakupa sababu yake nzuri tu, heshima, mvuto wa mchezo, dola isiyo na dini, ila mwenye kupimwa na rula ni mwanamke.

Na kwetu ishapita hiyo. Wazee wa hapa wanaikumbuka Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha mwaka 1968 na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 Dar ilikuwa marufuku nguo fupi za wadada, wigi, dawa za kujichubua, na hata suruali za kubana za wanaume zilikuwemo. Kwenye karatasi wanaume walikuwepo, lakini waliofukuzwa na kuzomewa mitaani zaidi ni wasichana wa vimini. Ndo maana nakwambia hata ukiandika sheria sawa kwa wote bado angalia nani ataitekeleza na kwa nani. Yule kijana wako wa mapokezi hatamwambia baunsa avae tisheti, atamwambia dada wa watu.

Halafu mbona macho yetu yanachagua? Nenda ufukweni Kibirizi hapa Kigoma asubuhi mitumbwi ikishusha dagaa, wanaume vifua wazi, bukta imelowa imegandana na mwili, wanapanda wanashuka na wamama wamekaa pale pale wanafanya biashara, hamna anayesema lolote kwasababu wako kazini. Jimu pia ni kazi bana, tena unailipia.

Sasa ningekuwa mimi. Hizo za wanawake zote futa. Andika chache za kila mtu: kila mtu na taulo lake, kifua kifunikwe kwenye benchi maana fangasi haichagui jinsia, viatu vya kufunga, hamna kitu kinachoning'inia karibu na mashine, iwe mtandio iwe cheni ya dhahabu ya baunsa. Hijabu karibu, ila ile ya kuvaa ikabana kichwani, sio ya kufunga na pini. Na moja uiandike kwa herufi kubwa, kumpiga mtu picha au kumsemea mwili wake unatoka na hela hairudi. Hiyo ndo uisimamie mwenyewe, usimwachie kijana.

Hela ya kulaminisha peleka kwenye vitu. Hilo dirisha kubwa linalotazama kijiwe cha bodaboda liwekee karatasi ya kuzuia kuona au pazia, hilo dirisha shosti ndo litakufukuzia wamama kuliko taiti yoyote. Kachumba ka kubadilishia kawe na komeo la ndani linalofunga kweli, na misumari mingi ya kutundikia, maana wengi watakuja na taiti chini ya baibui au kitenge, akifika anavua, akitoka anavaa, mtaa hauna habari. Jimu nyingi hazina hata msumari mmoja, mtu anakunja baibui lake analiweka sakafuni juu ya maji ya jasho. Na vioo usivipange nyuma ya sehemu ya skwati.

Kuhusu masaa ya wanawake peke yao, mi naona weka, ila sio saa nne asubuhi kama wengine wanavofanya. Saa nne mama wa sokoni yuko sokoni na mwalimu yuko darasani, hiyo saa wanapewa wanawake kwasababu wanaume hawaitaki. Wape jioni hata siku mbili kwa wiki, wanaume wakinuna watazoea. Ila usiwalazimishe wote waje masaa hayo, kuna wanaotaka kuja na waume zao, na wasichana wengine hawana shida na mtu.

Zile sare ulizotaka nikushonee za wamama, magauni marefu mpaka magotini, hizo hapana kwakweli, sitashona. Nitakushonea blauzi ya kuvutika inayoshuka chini ya makalio, mpasuo pande zote mbili ili mguu upande, ziwe za kuuza pale mapokezi anayetaka anunue, na saizi tuanzie za watu wenye miili sio hizi za madukani. Na wanaume tuwashonee pensi yenye cha kubana ndani, rangi nyeusi, watazigombania we subiri, maana wataacha kuniletea kwa kificho.

Nitumie vipimo vya hilo dirisha, na niambie wamama wangapi wameshajiandikisha na miili yao ya aina gani nijue nianze na saizi zipi. Kitambaa nitakuulizia bei kwa yule Mkongo wa sokoni Mwanga, usinitumie hela kwanza. Na ovaloki ikipona mzigo utaupata kwa treni pamoja na samaki wetu, migebuka mikavu, mwambie tu wa kukupokelea awahi stesheni maana migebuka ikikaa hapo wataila wao.

Msalimie shemeji.

Shoga yako wa Ujiji