Neno moja, karafuu na thomu

Mhariri,

Natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo huku Kizimbani, na wengi siku hizi wanatoka Poland. Kiingereza wamejifunza darasani, kama mimi. Neno linalotutatiza sote ni la karafuu yetu wenyewe: clove.

Mama mmoja aliniomba nimwandikie upishi wa pilau. Nikaandika clove sita. Alipofika kwao akanitumia picha ya sufuria: punje sita za thomu zimeelea juu ya wali, karafuu hata moja. Hakukosea yeye. Waingereza huita hivyo karafuu, na punje ya thomu huiita hivyo hivyo. La karafuu asili yake ni neno la Kifaransa la msumari. La thomu ni neno lao la kale, la ukoo mmoja na neno lao la kupasua. Kwa Kipolandi haya hayagongani. Punje ya thomu ni ząbek, yaani jino dogo, na karafuu ni goździk, msumari mdogo.

Sasa sianzi na neno. Namwekea mgeni karafuu kavu kiganjani, aone kichwa na kijiti chake, anuse. Wa Poland hulitaja goździk mwenyewe kabla sijafungua mdomo, na uso wake hufunguka.

Nawaomba wanaotufundisha kazi hii watupe majina ya viungo kwa lugha za wageni tunaowapokea, japo kumi tu. Karafuu imetusomesha wengi visiwani humu. Inaniuma mtu aondoke nayo mkobani asijue ndiyo niliyomwandikia.

Mtembeza wageni,
Kizimbani, Unguja