Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: mjane naye apate fungu lake

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililokusanya mila za urithi za makabila ya Tanzania Bara yanayofuata ukoo wa baba. Kwa mujibu wa tangazo hilo, mjane hana fungu katika mali ya marehemu mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu la mjane ni kutunzwa na watoto, kama yeye alivyowatunza. Mabinti nao wamewekwa daraja la tatu, nyuma ya mtoto wa kwanza wa kiume na nyuma ya wavulana wengine wote, na ardhi ya ukoo wanaruhusiwa kuitumia lakini si kuiuza.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasindikiza wanawake katika mashauri ya mirathi. Linaloniumiza kuliko yote ni kwamba sheria zetu, ukizisoma kwa pamoja, zinamthamini mke aliyeachika kuliko mke aliyekaa na mumewe hadi kifo kilipowatenganisha. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kuigawa mali hiyo wanandoa wanapotalikiana. Mke akidai talaka leo, anaweza kutoka na chake. Akivumilia, akamuuguza mume na kumzika, tangazo la mwaka 1963 linamwambia kwamba mali ni ya ukoo.

Naomba nikueleze jinsi jambo hili linavyotendeka. Baada ya matanga kinaketi kikao cha ukoo, ambacho humteua msimamizi wa mirathi, mara nyingi kaka wa marehemu, na muhtasari wake ndio unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo. Nimeisoma mihutasari ya namna hiyo. Katika mmoja wapo, jina la mjane limo kwenye orodha ya waliohudhuria, na alama ya dole gumba lake ipo. Inafuata orodha ya mali, yaani nyumba, ng'ombe, shamba la mahindi na cherehani. Kisha unakuja mgao, na humo jina lake halimo kabisa. Cherehani aliinunua mwenyewe kwa fedha za vibarua, lakini ili arudishiwe alitakiwa kuonyesha risiti, ilhali shemeji yake hakutakiwa kuonyesha chochote.

Serikali imekuwa ikiwahimiza wanawake wakope na wawekeze, na inafanya vyema. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya wanawake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilituingiza katika nchi za kipato cha kati cha chini, na kila mtu anajua jasho la mama wa shambani na la mama lishe lilivyochangia. Lakini mwanamke anayechukua mkopo wa kikundi akaezeka nyumba iliyo kwenye kiwanja chenye jina la mume anabaki na deni siku mume anapofariki, na nyumba inakwenda kwa wengine. Mikopo hiyo haiwezi kumjenga mtu ambaye msiba mmoja unatosha kumrudisha mikono mitupu.

Tena ukubwa wa haki yake unategemea sheria atakayoangukia. Marehemu akiwa ameacha watoto, mjane anayerithi kwa sheria ya Kiislamu anapata moja ya nane, na anayerithi kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado tunaitumia, anapata theluthi. Wa kimila hapati kitu. Wajane hao watatu wanaweza kuwa majirani wanaolima mashamba yanayopakana.

Wapo wanaosema kwamba mila hii ilimlinda mjane. Zamani huenda ilimlinda, kwa kuwa ardhi haikuuzwa, watoto waliishi hapo hapo na ukoo ulibeba wajibu pamoja na mali. Siku hizi vijana wako mijini wakihangaika na maisha yao, na shamba linauzwa kwa mtu wa mbali kabla ya mwaka kuisha. Ukoo umebaki na mali na wajibu umeuacha.

Mheshimiwa Waziri, mahakama zimekwishalitazama suala hili. Wajane wawili wa jamii ya Wasukuma, waliofukuzwa na wakwe katika nyumba zao pamoja na watoto, walifungua shauri, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizi ni za kibaguzi, lakini ikasita kuzibatilisha kwa hofu ya kufungulia mlango madai dhidi ya mila nyingine nyingi. Rufaa yao ilikwama kwa kasoro za kiufundi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambayo mkataba wake tuliuridhia mwaka 1985, iliwapa wajane hao haki na kuitaka Tanzania irekebishe sheria.

Ninachoomba kiko ndani ya mamlaka ya ofisi yako. Tangazo Namba 436 ni sheria ndogo, halikutungwa na Bunge, na Wizara yako ina nafasi ya kusukuma marekebisho yake. Naomba kanuni inayomnyima mjane fungu na ile inayowaweka mabinti daraja la tatu zifutwe, na wakati huo huo upelekwe bungeni muswada wa sheria ya mirathi utakaomhakikishia kila mjane, kabla mali haijagawanywa, sehemu aliyoichuma pamoja na marehemu, na haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa. Naomba pia utuambie hadharani ni lini hayo yatafanyika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msaidizi wa kisheria