Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kuvua viatu

Assalam aleikum wanachama, habari za siku. Mambo ya pesa ntamwachia mweka hazina ayasome mwenyewe Jumamosi, daftari liko sawa, wenye michango ya nyuma wanajijua.

Mie nataka kukaa hapa kwa kile kikao cha Likoni. Tulikua tunaangaliana nyayo na tochi ya simu, mama mmoja wetu akainua mguu, kisiginoni pana doa jeusi kama mbegu ya papai, ukingo mmoja umemwagika kama wino, ye anasema ni mwiba alikanyaga ufuoni zamani. Ikawa melanoma, saratani ya ngozi. Sisi watu weusi hutuanzia sana nyayoni na chini ya kucha, hata Bob Marley ilimuanza kidole cha mguu, akafariki 1981 ana miaka 36 tu.

Sasa nawaeleza hili la oksijeni manake mmeniuliza sana inahusikaje na saratani. Uvimbe wa saratani ukikua mbio mishipa ya damu haiufikii wote, ndani panakosa hewa. Ungedhani seli zitakufa, kumbe kuna protini yaitwa HIF-1, oksijeni ikiwepo huvunjwa, ikipungua hubaki na ndio inaita mishipa mipya na kuifanya seli iishi kwa sukari, na hata mionzi ya matibabu haiziui vizuri seli kama hizo. Wanasayansi kina Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipata Nobel 2019 kwa kutuonyesha seli inavyohisi oksijeni.

Lakini seli ya melanoma ikichoropoka ikaingia kwenye damu mambo yanageuka, molekuli kali za oksijeni zinaichoma na nyingi hufa njiani. 2015 watafiti wa Marekani, na wengine wa Uswidi kivyao, waliwapa panya wenye melanoma asetilsisteini, antioksidanti, yaani kitu cha kuzuia huko kuchomwa, na saratani ikasambaa zaidi. Ni panya, sio watu, lakini wallahi iliniuma, kwa sababu wapo wenzetu wanauziwa vidonge na poda za antioksidanti kwa pesa ya kodi ya nyumba wakiambiwa ni tiba. Mchicha na machungwa kuleni. Vidonge, jamani, mwonyesheni daktari wenu kopo kabla hamjafungua.

Mwaka ujao kila kikao tuanze kwa kuvua viatu. Yule mama kashakatwa lile doa, kliniki anaenda, na amesema tochi atashika yeye.