Tatuu mbichi ni kidonda

Mhariri,

Wengi huharibu tatuu kwa mafuta kuliko kwa uchafu. Ioshe mara 2 kwa siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ukitumia vidole safi, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na karatasi laini. Taulo huacha nyuzi na vijidudu. Mafuta yapakwe kiduchu, ngozi ing'ae tu. Yakizidi, kigaga hulowa, hunata kwenye shuka na kung'oka na wino wake. Baada ya siku chache itawasha na kubambuka: usikwaruze, pigapiga kwa kiganja. Kuogelea baharini au bwawani, subiri wiki 3 hadi 4. Wekundu unaotambaa, usaha au homa ni vya daktari, si vya mchoraji.

Mchora tatuu