Mtandao haukukatika

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa shangazi kwamba unatafuta nyumba ya kununua. Kwa shangazi! Namba yangu haijabadilika, lakini kwa kuwa wewe husoma kila ninachoandika hapa halafu ukajifanya hukukiona, basi acha nikuandikie hapahapa.

Hongera, kwanza. Unaitafuta wakati ambao mtu anaweza kurudi kuiona nyumba mara ya pili na ya tatu, akaenda usiku asikie kelele za majirani, akaenda mvua ikinyesha. Mimi sikuwa na bahati hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipolitaja lile gonjwa kuwa janga la dunia, tarehe 11 Machi 2020, chumba changu cha kupanga nilikuwa nakijua kwa kulala tu. Ghafla kikawa ofisi, jiko na dunia yangu nzima, na ukuta wa jirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilikuwa nahesabu vikohozi vyake. Wewe ulikuwa na ua wa kutembea. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuniambia nisubiri kununua nyumba.

"Watu wamepoteza kazi, dada. Bei zitaporomoka tu."

Hazikuporomoka. Mwezi uleule wa Machi benki kuu zilikuwa zikishusha riba. Ya Uingereza ikafika asilimia 0.1, ya Marekani ikawa karibu na sifuri, na mikopo ikawa nafuu. Kila ambaye mshahara wake ulisalimika akataka chumba cha ziada cha kufanyia kazi, na wenye nyumba nao hawakutaka wageni wapite sebuleni mwao na virusi, kwa hiyo wengi hawakuuza. Nyumba chache, wanunuzi wengi. Bei zikapanda nchi baada ya nchi. Hilo hujawahi kulikiri hata siku moja.

Turudi kwenye ile nyumba ya tano niliyojaribu kuinunua.

Dalali alinipa dakika 15. Taa zote zilikuwa zimewashwa na milango yote kuachwa wazi ili nisiguse kitasa. (Mlango uliokwisha kufunguliwa haukwambii kama unafungika, lakini nilikuja kulijua hilo baadaye.) Waliruhusu mtu mmoja tu ndani, ndiyo maana nikakuingiza kwa simu ya video. Nawe ukaanza: sogeza simu, rudi nyuma, hapo hapo. "Mbona ukuta huo mmoja tu ndio una rangi mpya?"

Dalali akasikia. Akatazama saa. Dirishani nilikuwa naona mume na mke wakisubiri zamu yao, mke ana mimba kubwa.

"Dada, gonga hapo chini usikilize. Shusha barakoa kidogo, unuse."

Simu ikakatika. Nikakuandikia kwamba mtandao umesumbua, ukanijibu pole.

Mtandao haukukatika. Nilibonyeza mwenyewe. Niliona aibu, mtu mzima ninayefundishwa kunusa ukuta mbele ya mgeni, na niliogopa wale wa nje wasije wakaingia wakaipenda. Jioni ile nikapeleka ofa, na sharti la ukaguzi, yaani mtaalamu aikague nyumba kwanza nami niweze kujitoa, nikaliondoa, kwa sababu dalali alisema wenzangu wote wameliondoa. Nilikuwa nimeshashindwa nyumba nne.

Siku ya funguo nilivua barakoa ndani kwa mara ya kwanza, na ile harufu ya unyevu ikanipokea. Nilikuambia wewe peke yako. Wewe peke yako! Haikupita saa moja ukaandika kwenye kundi la familia: "Hongera dada kwa kununua ukuta na maji yake." Kila mtu akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, sina hata kiti, nasoma vicheko vinaingia kimoja kimoja. Ulikuwa na haki ya kunikasirikia mimi. Kundi zima lilihusikaje?

Sasa sikiliza. Tafuta mkaguzi wako mwenyewe, asiwe wa kuletewa na dalali, na usikubali kuliondoa sharti lake hata wakikuambia kuna foleni mpaka barabarani. Ukishaomba mkopo usihame kazi wala usikope gari, maana benki hurudi kuchungulia mambo yako mwishoni kabisa, ukidhani umeshamaliza. Na riba si zile tena. Tangu 2022 zilipanda sana. Ukipewa mkopo wa riba inayobadilika, piga hesabu kama kwamba imeshapanda, uone kama bado utalala usingizi.

Usidhani nasema nilikosea. Mkopo wangu riba yake haibadiliki. Hata nikijumlisha fundi bomba, plasta na rangi upya, bado ningelipa zaidi kama ningekusikiliza nikasubiri. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi kuliko inavyopasa mtu mwenye amani kuipiga. Na ukuta wenyewe niliubandua kwa mkono wangu: bomba la bafu lilikuwa na ufa mdogo nyuma yake, palepale uliposema nigonge.

Shangazi anasema unakwenda kuiona moja Jumamosi. Niingize kwa video. Nitakusumbua, nitakwambia unuse, dalali atatazama saa. Na simu ikikatika, sitauliza kuhusu mtandao.

Dada yako